Kutoka Malekula hadi Serengeti: Sinema Bubu na Mdomo wa Kuazima

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtoto wa Musoma au Bunda, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba simba wa kwanza kumwona maishani ulimwona kwenye kioo cha televisheni. Usicheke. Geti la Ndabaka liko palepale kando ya barabara kuu ya Mwanza, basi linalipita, abiria wanachungulia dirishani kama kuna nyumbu, safari inaendelea. Serengeti ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, lakini picha yake tumeletewa kutoka mbali: nyasi mpaka mwisho wa macho, mgunga mmoja, simba kalala, jua linazama. Na binadamu? Hakuna. Labda mtalii mmoja na darubini yake, ndani ya gari.

Nimekuwa najiuliza picha hiyo ilichongwa na nani, na lini. Ukiifuata nyuma, mkanda kwa mkanda, hauishii Seronera wala Nairobi. Unajikuta baharini, kwenye visiwa vya Pasifiki ya Kusini, katika zile sinema bubu za safari ambazo Wamarekani walizipenda kupita kiasi kabla sinema haijapata sauti. Waliotoka na mtindo huo kule na kuja nao huku ni mtu na mkewe, na bwana mwenyewe alianza kazi kama mpishi wa boti.

Jina lake Martin Johnson, mzaliwa wa Rockford, Illinois, mwaka 1884, aliyekulia Kansas katikati ya bara, mahali ambapo bahari utaiona kwenye ramani tu. Kijana akasikia kwamba Jack London, mwandishi aliyekuwa na jina kubwa siku hizo, anatafuta watu wa kuzunguka naye dunia kwa boti ya tanga. Akaandika barua ya maombi. London akajibu kwa kuuliza: unajua kupika? Martin akasema anajua, kisha ndipo akaenda kujifunza. (Wenzangu mnaoandika barua za kuomba kazi, mmesikia?) Boti hiyo, Snark, ikang'oa nanga San Francisco mwezi Aprili 1907. Ikapita Hawaii, Marquesas, Tahiti, Samoa, mpaka visiwa vya Solomon. Mwishoni mwa 1908 London alikuwa hoi kwa maradhi, akalazwa Australia, na safari ikafa hapo.

Martin akarudi Kansas na picha zake. Akafungua ukumbi mjini Independence, akauita Snark, akawa anaonyesha picha za vioo ukutani na kusimulia. Mwaka 1910 akamwoa Osa Leighty, binti wa miaka 16 kutoka Chanute, mji wa jirani. Wakazunguka miji ya Marekani, bwana anasimulia, bibi anaimba na kucheza nyimbo za Hawaii, wanachanga fedha za kurudi visiwani, safari hii na kamera ya sinema.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana neno sinema bubu linadanganya. Haikuwa kimya hata kidogo. Kulikuwa na piano, au bendi nzima kwenye kumbi kubwa, na kwenye picha za safari kulikuwa na mtu amesimama pembeni ya pazia anaeleza: hawa mnaowaona ni fulani, sasa wanafanya hivi, angalieni yule wa kushoto. Mmarekani Burton Holmes alitajirika kwa kazi hiyo. Sisi tusijifanye hatuijui. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video anajua habari ya Lufufu wa Dar es Salaam na wenzake, jamaa wanaoingiza Kiswahili juu ya mkanda wa Kichina au Kimarekani, steringi akifungua mdomo tunamsikia Lufufu. Tunacheka, tunafurahi, na baada ya dakika kumi tumesahau kwamba yule Mchina hakusema hayo. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa visiwani walifungua midomo kwenye pazia, na aliyesema alikuwa mtu wa Kansas. Pale alipokosekana msimulizi, kulikuwa na vibao vya maandishi katikati ya picha, na vibao hivyo pia havikuandikwa na waliokuwa kwenye picha.

Mwaka 1917 Martin na Osa walifika Malekula, katika visiwa ambavyo wakati huo vikiitwa New Hebrides na leo ni nchi huru ya Vanuatu, tangu 1980. Walitaka kuwapiga picha watu wa milimani walioitwa Big Nambas na mtemi wao Nagapate. Walipanda mlima, wakakutana naye, na kwa maelezo yao wenyewe wakazuiwa wasiondoke, mpaka meli ya doria ya Waingereza ilipoonekana ghubani wakapata upenyo wa kukimbilia pwani. Mkanda waliourudisha ulionyeshwa New York 1918 kwa jina la Among the Cannibal Isles of the South Seas. Visiwa vya wala watu! Nani asingelipa kiingilio?

Angalia jinsi picha za aina hii zilivyopangwa, maana ni mpango uleule kuanzia Tahiti hadi Solomon, hata ukibadilisha mpiga picha. Inaanza na chombo kinakaribia. Ufuko, minazi. Wenyeji wanatoka porini kana kwamba hawajawahi kuona mgeni tangu dunia iumbwe. Wanapangwa mstari, wageuke upande, wageuke mbele. Mtemi peke yake. Ngoma. Jua linazama, chombo kinaondoka, na kisiwa kinabaki nyuma vilevile kilivyokuwa, kinasubiri mgeni mwingine aje akigundue upya.

Kilichoachwa nje ya picha ndicho kinachonishughulisha mimi. Malekula ya 1917 haikuwa kisiwa cha kupotea. Tangu 1906 visiwa hivyo vilitawaliwa kwa ubia na Waingereza na Wafaransa. Kulikuwa na wamisionari, kulikuwa na wafanyabiashara wa nazi kavu. Kwa miaka kama 40 hivi, kuanzia 1863, maelfu ya watu kutoka New Hebrides na Solomon walichukuliwa, wengine kwa mkataba, wengine kwa hila na nguvu, kwenda kukata miwa Queensland, Australia. Waliorudi walirudi na bunduki, na mashoka, na lugha ya mchanganyiko iliyokuja kuitwa Bislama. Martin mwenyewe alitumia lugha hiyo ya biashara kuongea na watu wa visiwani. Kwa hiyo yule mtu wa porini anayeonekana kwenye pazia akishangaa kamera, huenda jirani yake alikwishafanya kazi kwenye shamba la miwa ng'ambo, akalipwa, akalaghaiwa, akajifunza kuhesabu shilingi. Lakini shamba la miwa halikuwa na soko New York. Lililouzika ni neno cannibal.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, ikatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mkanda wenyewe. Martin alirudi Malekula, safari hii na walinzi wenye silaha, akafunga pazia pwani, akawaonyesha Big Nambas picha zao wenyewe. Wakajiona. Wakaitana majina, yule ni fulani, yule ni wewe, kelele tupu. Martin akapiga picha nyuso zao wakitazama, kisha akaziuza nazo. Kwa usiku ule mmoja sinema bubu ya Malekula ilikuwa na wasimulizi wanaojua wanachokisimulia. Maneno yao hayakurekodiwa. Ziliondoka sura zao tu zikiwa zimeshangaa, maana mshangao ndio uliokuwa unatafutwa.

Sisi watu wa ziwa tungeweza kuwafundisha hawa jamaa maana ya kisiwa. Nenda Kisorya, kule mwisho wa Bunda, uone kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Utaona maboksi ya sabuni, kuku kwenye tenga, wanafunzi, bi harusi, maiti inarudishwa kwao kuzikwa. Simama Musoma mjini jioni utazame upande wa Lukuba: taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga juu ya maji kama mji mwingine. Kwetu maji ni barabara, na mtu wa kisiwani ndiye mwenye habari nyingi kuliko wewe wa bara, kwa sababu kila mtumbwi unapita kwake. Wakara wamelima kisiwa chao kidogo kwa samadi na kwa mikono mpaka wataalamu wa kilimo wakaenda kujifunza kwao. Kisiwa kilichokatika na dunia, chenye watu wasio na jana wala kesho, ni kitu kilichotengenezwa na sinema. Hakina kivuko.

Na kitu kikishatengenezwa vizuri kinaweza kuhamishwa.

Aliyemshawishi Martin kuja Afrika ni Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha na kusimamisha wanyama katika jumba la makumbusho la viumbe mjini New York, mtu aliyebuni hata kamera ya sinema iliyokuja kutumiwa na Martin, kamera yenye tumbo la duara inayogeuka laini kumfuata mnyama anayekimbia. Akeley alisema wanyama wa Afrika wanakwisha, wapigwe picha mapema. Mwaka 1921 akina Johnson wakatua Kenya. Mkanda wa kwanza, Trailing Wild African Animals, ukatoka 1923. Mwaka 1924 wakarudi, wakaishi karibu miaka minne juu ya mlima Marsabit, kando ya ziwa la volkeno katikati ya nchi kame. Wakaliita Lake Paradise, Ziwa la Peponi. Unaona? Mtu ametoka visiwani, amefika bara, na jambo la kwanza analotafuta ni kisiwa. Maji katikati, jangwa pembeni badala ya bahari, tembo badala ya wenyeji. Aliyewaongoza mpaka pale alikuwa Boculy, yaani Bukhari, mjuzi wa nyayo za tembo, mtu ambaye bila yeye hakuna picha hata moja. Ziwa wafugaji wa kule walikuwa wanalijua siku zote, lakini kwenye hadithi likawa limegunduliwa.

Kutoka huko wakashuka Tanganyika, kwenye nyika ya Serengeti, kufuata simba. Filamu iliyotokana na miaka hiyo ilionyeshwa New York Januari 1928, na jina lake lilikuwa neno la Kiswahili, Simba. Hebu fikiria kibao hicho kimewaka taa Broadway, mwaka 1928. Nadhani ndilo neno letu moja lililopata kusema kwenye mkanda mzima.

Nikiri kwamba ni filamu nzuri kutazama. Kazi ya kamera haina utani. Kulikuwa hakuna lenzi za kuvuta mnyama kutoka maili mbili kama za leo, na mpini wa kamera ulizungushwa kwa mkono, kwa mwendo mmoja, hata kama faru anakuja. Martin anazungusha, Osa amesimama pembeni na bunduki. Kazi ya bibi huyu haikuwa pambo. Kuna wakati ndiye aliyekuwa kinga pekee kati ya mumewe na pembe.

Ila ukijua jikoni, chakula unakila kwa namna nyingine. Simba wa Serengeti walipigwa picha kwa chambo. Pundamilia anapigwa risasi, anafungwa, anaburutwa nyuma ya gari, simba wanafuata nyama. Baada ya siku chache simba wameshazoea gari kama mbwa anavyozoea bakuli, wanalala kivulini kwake, na ndipo kamera inapata zile sura za karibu zilizowatoa watu jasho New York. Ile sehemu maarufu ya wapiganaji wanaomzunguka simba kwa mikuki nayo ilipangwa: Akeley aliwakodi wapiga mikuki wa Kinandi kutoka Kenya kwa kazi hiyo mwaka 1926, na kwenye filamu wakageuka Walumbwa wanaolipiza kisasi cha ng'ombe wao. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli kabisa, mkuki ni mkuki na simba ni simba. Kisa ndicho kilichokuwa cha kutunga, kama vile sisi hapa tunavyotunga, tofauti ni kwamba sisi tunaandika hadithi fupi juu ya ukurasa.

Na wale wa nyuma ya kamera? Kwenye vitabu vya akina Johnson unakutana na Jerramani, mbeba bunduki, na Omara, na wengine. Jerramani, nadhani sikio lako limeshalitambua, ni Jerumani. Tanganyika ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani miaka michache tu, na jina hilo peke yake lina hadithi ndani yake ambayo ningetoa shilingi kuisikia. Hao ndio waliobeba kamera, maji, dawa za kusafishia filamu, na ndio waliojua simba amelala upande gani.

Sasa swali la mtu wa Mara: huo uwanja ulikuwa mtupu kweli?

Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipopita nchi hiyo alikuta balaa. Sotoka, ugonjwa wa mifugo, ulikuwa umefagia ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ukaja ndui, ukaja ukame, na wazee wa magharibi ya Serengeti wameihifadhi njaa ya wakati huo kwa jina la Njaa ya Miguu, kwa sababu watu walitembea mpaka wakaishia njiani, wengi wakielekea Usukuma kutafuta chakula. Mifugo ikiisha na watu wakihama, hakuna wa kuchoma nyasi wala wa kukata vichaka, kichaka kinarudi, mbung'o wanarudi na kichaka. Kwa hiyo utupu ambao Wazungu wa miaka ya 1910 na 1920 waliukuta na kuushangilia ulikuwa na umri wa miaka 20 au 30 tu, na ulikuwa kovu. Mmarekani Stewart Edward White aliyepita huko 1913 akaandika kitabu akakiita The Rediscovered Country, nchi iliyogunduliwa tena. Iliyopotezwa na nani?

Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme wanaijua nchi hiyo kwa majina ya matongo, yaani mahame ya walikoishi babu zao. Waishenyi wanataja Nyeberekera, ambako leo ni ndani ya hifadhi. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu za heshima ambazo masimulizi yao yanaziunganisha na mganga wa Kitatoga. Wajerumani walijenga boma lao Ikoma kwa sababu palikuwa na watu wa kutawaliwa, maana serikali haijengi ngome ya kutawala nyumbu. Haya si siri. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeishi mkoani kwetu, ameyaandika vizuri katika Imagining Serengeti, 2007, na kabla ya hapo, mwaka 2003, alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya kusini. Wazee walikuwa na makaratasi yao kabla yake. Yalikosa mpiga chapa tu.

Lakini serikali inasoma picha haraka kuliko inavyosoma makaratasi ya wazee. Wawindaji waliokuja na magari kutoka Nairobi waliua simba wengi mno miaka ya 1920, na hilo likawashtua Waingereza. Hifadhi ndogo ilikuwa imetengwa 1921, ikapanuliwa 1929, Hifadhi ya Taifa ikatangazwa 1951. Kulinda wanyama dhidi ya bunduki za matajiri lilikuwa jambo la haki, mimi sipingi. Ninachoona ni kwamba wakati sheria zinaandikwa, picha iliyokuwa kichwani mwa walioziandika ilikuwa ya kisiwa: kipande kimekatwa, ndani yake asili, nje yake watu, na mtu akionekana ndani basi ni mwizi. Mwikoma mwenye mshale wenye sumu, ambaye babu yake aliuza mikia ya nyumbu kwa Wasukuma kama biashara halali, akaitwa jangili. Mwenye bunduki na leseni akaitwa mwanamichezo.

Mwaka 1933 akina Johnson walirudi kwa ndege mbili zinazotua majini na nchi kavu. Moja walichora milia ya pundamilia, wakaiita Osa's Ark, Safina ya Osa. Nyingine walichora madoa ya twiga. Wakaruka juu ya Afrika Mashariki, na filamu ikatoka 1935 kwa jina la Baboona, hiyo sasa ina sauti. Weka kalenda mezani. Mwaka 1934, wakati ndege za milia na madoa zinazunguka Afrika Mashariki, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama Aprili 1922, alianza darasa la kwanza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Buhemba, jirani na Butiama, mgodi wa dhahabu ulikuwa na vibarua. Kulikuwa na mabaraza ya machifu, kodi, misheni, maduka ya Wahindi Musoma mjini. Ni siku chache tu kwa miguu kutoka kwenye nyika ile tupu. Sinema ya safari isingeweza kumwonyesha mtoto aliyebeba kibao cha kuandikia, kama ilivyoshindwa kumwonyesha mtu wa Malekula aliyerudi kutoka Queensland. Angeharibu picha.

Robo karne baadaye Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege nyingine, nayo ilichorwa milia ya pundamilia. Michael akafa nayo Januari 1959. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ikapata tuzo ya Oscar na kuifanya Serengeti ijulikane kila mahali. Milia ileile angani, na chini yake watu walewale wakionekana kwa kipande kimoja tu: mitego yao ya waya.

Unaweza kusema haya ni ya kale. Nenda Nyatwali, Bunda, ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Miaka ya 2020 wakazi wa kata hiyo walitakiwa waondoke walipwe fidia, ili eneo liunganishwe na hifadhi na wanyama wafike ziwani kunywa. Hoja ya maji ni ya kweli, mnyama naye ana kiu, na tembo waliokuwa wanakula mazao ya watu hawa nao ni wa kweli. Ila sikiliza jinsi eneo linavyozungumzwa: njia ya wanyama. Makaburi, minada, visima, mialo ya samaki, vyote vinakaa nje ya fremu.

Nimesema sinema bubu ilipata sauti. Mwaka 1932 akina Johnson walitoa Congorilla, yenye sauti iliyorekodiwa Afrika, na sehemu kubwa ya sauti hiyo ni utani juu ya Wambuti wa Ituri ambao hawakuwa na namna ya kujibu kwenye mkanda huohuo. Huku kwetu Kiswahili kiliingia kwenye sinema za kufundishia zilizotengenezwa Vugiri, Tanga, kati ya 1935 na 1937, picha bubu zikisindikizwa na santuri, zikizungushwa kwa gari. Waigizaji walikuwa Waafrika. Na hiyo sauti ilisema nini? Mojawapo ilihusu kodi. Nyingine, benki ya akiba ya posta. Haya bwana.

Mfano unaonivutia uko tena visiwani. Mwaka 1926 Robert Flaherty alitoa Moana, sinema bubu aliyoipiga Savai'i, Samoa. Ndiyo filamu iliyomfanya John Grierson atumie neno documentary kwenye gazeti. Flaherty naye aliwavalisha watu nguo za zamani walizokwisha kuziacha, na akamlipa kijana achanjwe chale za kiume kwa ajili ya kamera. Lakini binti yake Monica, aliyekuwa mtoto mdogo wakati wa kupiga picha, alirudi Savai'i mwaka 1975, akarekodi Wasamoa wakiongea na kuimba, akapachika sauti hizo mdomo kwa mdomo juu ya picha za baba yake. Ikatoka 1980. Watu waliofunguliwa midomo bila sauti kwa miaka zaidi ya 50 wakasikika wakisema Kisamoa.

Kuna na habari ya kijana mmoja. Mwaka 1928 akina Johnson walichukua maskauti watatu wa Kimarekani, wakaja nao Serengeti kuona simba. Mmoja wao, Douglas Oliver, alikuwa na miaka kama 15. Alikua, akawa mwanaanthropolojia, na kazi yake kubwa aliifanya wapi? Bougainville na Tahiti. Alikaa na Wasiwai wa Bougainville, akaandika mwaka 1955 kitabu kinene juu ya jinsi wanavyopata uongozi, wanavyodaiana nguruwe, nani anamkopesha nani. Mtoto aliyeletwa kutazama nyika isiyo na watu alikwenda visiwani akakuta visiwa vimejaa siasa.

Kwa sheria ya Marekani filamu zilizotoka 1928 zilitoka kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2024. Simba ni mmojawapo. Mtu yeyote anaweza kuuchukua mkanda huo, kuukata, kuuwekea maneno. Robanda, kijiji cha Waikoma jirani na lile boma la Wajerumani, kuna wazee wanaoweza kutaja kilima kwa jina. Tunahitaji ukuta mmeupe, projekta, simu ya kurekodia, na Lufufu mmoja wa Kiikoma ambaye picha ikifika kwenye simba anaburutiwa pundamilia atasema: hapo, simamisha, rudisha nyuma kidogo. Nyuma ya mgunga huo palikuwa kwa fulani.